Visanduku vya Papa Anaclet

Siku ya kwanza Papa Anaclet Kalenga alipofika kwenye parkingi yetu hapa Katuba, nilitaka kumfukuza. Nasema ukweli. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limeshaanza kuchoma, motari wangu, vijana wa pikipiki za abiria, wanagombania wateja kama kawaida yao, halafu anatokea mzee mmoja mrefu, mwembamba, kavaa koti la bluu la fundi, mkononi mfuko wa mchele umejaa visanduku vyeusi vidogo kama vipande vya sabuni. Nikajua tu: huyu ama anauza dawa ya panya, ama anahubiri.

"Mama," akaniambia, "weye njo mukubwa wa hapa?"

"Mukubwa iko Guelor. Miye niko secrétaire. Unatafuta nini, Papa?"

"Natafuta bantu arobaini benye kutembea siku muzima."

Nikacheka. Nikamwambia basi amefika, maana hawa waendesha pikipiki kukaa mahali pamoja hawajui, hata kanisani wanasimama mlangoni.

Mimi naitwa Constance. Nilifundisha darasa la tatu miaka kumi na miwili, nikachoka na watoto wa watu, nikaja kuchoka na motari. Ndiyo sababu naandika Kiswahili cha vitabuni. Lakini watu wakisema humu ndani nitawaacha waseme vile tunavyosema Lubumbashi, maana wakijisikia wanasema kama redio ya serikali watanizomea hadi mwaka mpya.

Habari yake aliisimulia akiwa amesimama, kwa sababu hakuna aliyempa kiti, na mimi pia sikumpa, aibu yangu. Baba yake alikuwa mtu wa reli kule kaskazini, upande wa Kamina, kazi yake kupanda nguzo za simu za stesheni. Yeye Anaclet alijifunza redio kwa mapadri, akaja mjini, akafungua karakana ya mlango mmoja hapa Katuba, avenue mbili nyuma ya parkingi. Wengi wetu tulikuwa tumepita pale bila kumtazama. Redio zimefunguliwa matumbo mezani, waya kila mahali, na yeye katikati amevaa miwani iliyofungwa kwa uzi.

Mkewe ni Mama Germaine, mshonaji wa nguo za kanisa, mwanamke wa kicheko kikubwa na pumzi ndogo. Ana pumu. Mwenye nyumba ya Katuba alipoiuza, wao wakahamia Kasungami, pembezoni mwa mji, kwenye kiwanja walichokuwa wakijenga tofali kwa tofali tangu watoto wao wakiwa wadogo. Watoto sasa wako Kolwezi na Likasi, kila mtu na maisha yake. Kasungami ni pazuri mvua zikinyesha, mahindi yanafika hadi dirishani. Kiangazi ni mambo mengine. Vumbi jekundu linaingia hadi kwenye chumvi, na jirani wote wanachoma makaa.

Na rezo, mtandao wa simu? Rezo ya Kasungami sehemu ile unaipata juu ya kichuguu. Kiko kimoja kikubwa nyuma ya kanisa, kirefu kuliko nyumba, na watu wanakipanda na simu zao mkononi wakipiga kelele "allô, allô" mbinguni. Sasa niambie, mwanamke aliyekosa pumzi anapanda vipi kichuguu?

Hilo ndilo lilikuwa likimla Papa Anaclet. Mchana kutwa yeye yuko Katuba, mkewe yuko peke yake na cherehani. Pumu ikimshika vibaya, ana muda wa kama saa moja kufika penye oksijeni, hospitali ya masista au dispensaire, zahanati ya huku. Kama hakuna anayejua, hafiki. Hakuna jambo jingine ambalo mzee yule alikuwa akiliwaza, wala redio za watu hazikuwa zikipona vizuri siku hizo.

Basi alikuwa ametengeneza visanduku thelathini na tisa: thelathini na saba vya pikipiki, kimoja cha mkewe, kimoja cha meza yake karakanani. Ndani ya kila kimoja kuna redio ndogo. Unakifunga kwenye pikipiki, kinakula kidogo kwenye betri yake, unaandika maneno machache kwenye simu yako, nacho kinayarusha hewani. Hakitaki antena ya kampuni, hakitaki megabaiti. Sauti yake haifiki mbali, kilomita moja, mbili pakiwa wazi. Lakini kisanduku kingine kikisikia kinarusha tena, na kingine tena, hadi habari ifike. Leo motari mmoja, tuseme kijana wetu Fils, yuko njia ya Kasungami, kesho yuko Luano anangoja wasafiri wa ndege. Haidhuru. Yeyote anayepita karibu ndiye anayebeba.

Cha Mama Germaine kilikuwa na kitufe chekundu. Ukikifinya kinarusha neno moja: GERMAINE.

Guelor, mkubwa wetu, kijana wa mabega na sauti, alikubali mbio. Si kwa ajili ya Mama Germaine, tusidanganyane. Alikubali kwa sababu motari wangeweza kuambiana wapi wateja wanangoja na wapi njia imekatika, bila kununua vocha. Wiki ya kwanza walichezea visanduku kama watoto. Fils, mdogo kuliko wote kwa umbo na mkubwa kuliko wote kwa mdomo, aliandika salamu kwa kila mtu mpaka nikamtishia kumnyang'anya.

Sasa nieleze kosa, na kosa hili ni letu.

Kwetu mtu akifa, habari ni mzigo wa kila aliyeisikia. Ukikutana na mtu sokoni ukaacha kumwambia, halafu kesho akuulize, nawe umjibu "nilifikiri ulishasikia", umemtukana kabisa. Umemwambia hana watu. Ndiyo maana habari ya kilio unaipata mara sita, mara kumi, na kila mara unashika kichwa na kuguna kana kwamba ndiyo kwanza unaisikia. Ni heshima. Papa Anaclet ni mtoto wa desturi hiyo kama mimi, na visanduku vyake alivilea hivyo hivyo: kila kinachosikia lazima kiseme, bila kuuliza kama jirani ameshasema.

Mwezi wa nane, Jumanne, saa tatu asubuhi, akafa Papa Donat, baba yake Guelor. Ni mimi niliyeandika, kwa kidole hiki: PAPA DONAT, BABA YA GUELOR, AMETUACHA. KILIO IKO KWAKE. Visanduku vyote vikasema. Halafu kila motari akaona aibu kuacha maneno yangu tu yapite, akaandika pole yake mwenyewe, na kila pole ikarushwa na visanduku vyote. Nilifundisha watoto hamsini na wanane chumba kimoja. Wote wakijibu kwa pamoja, husikii jibu, unasikia kelele. Hewa ya Katuba mpaka Kasungami ilikuwa vile asubuhi nzima. Visanduku vilikuwa vinapigana midomo, na habari inayopita inavunjwa na habari iliyokwisha kupita.

Kwenye saa nne na nusu Mama Germaine alikuwa anakung'uta godoro. Kifua kikafunga. Pampu yake ya dawa ilikuwa imebaki na hewa tupu. Akafinya kitufe. Akafinya tena. Alikifinya mara saba, kisanduku chenyewe kilihesabu.

Hakuna aliyesikia hata mara moja.

Aliyemwokoa ni Chileshe, jirani yake, ambaye anasukuma makaa kwa baiskeli. Alikuwa anapita na magunia matatu, akaona mguu wa mama umetokeza kizingitini. Akayabwaga magunia njiani, akampakia mama penye makaa, akasukuma akikimbia hadi barabara kubwa, na huko lori la matofali likawabeba. Daktari akasema mngechelewa kidogo tu, mngekuja na maiti. Chileshe hana kisanduku. Hajui hata vinafanya nini.

Papa Anaclet alipata habari mchana, kwa mdomo wa Chileshe aliyekuja kwa miguu hadi karakanani, mweusi wa makaa mpaka kwenye kope. Na mbele ya mzee, mezani, kisanduku kilikuwa bado kinasema: pole Guelor, pole Guelor, pole Guelor.

Kesho yake akafanya jambo baya. Alikuja kwenye kilio, wamama wako chini kwenye mikeka, wanaume kwenye viti vya plastiki, akasimama katikati ya uwanja na kupiga kelele: "Munataka kuniulia bibi yangu! Mara saba! Alifinya mara saba, na mweye muko napiga domo!"

Eee, Mungu wangu. Kwenye kilio cha baba ya mtu! Guelor akainuka, macho mekundu, na wajomba zake wakainuka nyuma yake. Mimi nilifika kabla ya ngumi. Nikamkamata mzee kwa koti lake la bluu, nikamvuta hadi nje ya ua kama mwanafunzi, nikamwambia neno ambalo bado linanichoma:

"Papa Anaclet, hii kisanduku, nani aliitengeneza? Nani aliifundisha kusema-sema vile?"

Akakaa chini kwenye jiwe, kando ya mfereji, akavua miwani.

"Iko miye," akasema. "Mama Constance, iko miye."

Nikamhurumia hadi nikakasirika zaidi. Mimi nikimhurumia mtu nakuwa mkali, waulize wanangu.

Nilidhani angerudi nyumbani. Wapi! Alirudi kilioni, akapiga magoti mbele ya Guelor, akaomba msamaha mbele ya watu wote, kisha akakaa siku tatu. Na hakukaa bure. Alitoa daftari na kuanza kuuliza waombolezaji, mmoja mmoja, kwa upole: pole sana, wewe habari ulipewa na nani? Ulisikia mara ngapi? Unakaa wapi? Wengine walifikiri huzuni imempanda kichwani. Mimi nilifikiri hivyo pia.

Siku ya tatu akaniita kando na kunionyesha kurasa zake. Aliuliza watu mia moja na kumi na wawili. Wa avenue ya Papa Donat walikuwa wamesikia mara saba, mara nane, wakiambiana wao kwa wao, nyumba kwa nyumba, wote wakijua tayari. Lakini watu kumi na tisa walitoka Luano, mwisho mwingine kabisa wa mji. Hao wote waliambiwa na mtu mmoja, Mama Nono, muuza samaki wakavu, aliyepita Katuba asubuhi ile, akasikia mara moja, akapanda basi kwenda kwenye biashara yake.

"Unaona?" akasema, kidole juu ya karatasi. "Hawa ba karibu balichoka bure. Mwenye iko mbali njo alifanya kazi."

Kutoka hapo akafunga karakana wiki mbili. Akakifundisha kisanduku adabu mpya, na nitaieleza kama alivyonieleza mimi nisiyejua waya. Ukisikia habari, usiropoke. Ngoja kwanza. Kama sauti imekujia hafifu, aliyesema yuko mbali nawe, basi wewe ndiye unayeweza kuifikisha ambako yeye hafiki: ngoja kidogo tu, useme. Kama sauti imekujia kali, msemaji yuko puani pako, ngoja zaidi. Na wakati unangoja, tega sikio. Ukisikia wengine wawili wameshaisema habari ile ile, imeze. Mwonyeshe mwenye pikipiki, awashiwe taa, ajue, lakini hewani usiirushe. Na pole za kilio, kila mtu aandike moja tu kwa siku. Alijaribu kwenye ramani yake na kunihesabia: kutoka Kasungami hadi Katuba vingesema visanduku sita au saba, na thelathini vingekaa kimya, na kila mtu angejua.

Nikamwambia akili ipo, lakini motari hawatakubali.

Hawakukubali. Mkutano ulikuwa Jumapili baada ya misa, chini ya turubai la parkingi. Guelor alisimama na kitambaa cheusi bado mkononi. "Papa, tulikusamehe. Lakini hii, hapana. Kesho mama yangu anakufa, bandugu yangu banasikia, kisha kisanduku kinabafunga kinywa? Na pole ya kila muntu, ni moja kwa siku? Miye nitajua je nani alinililia?"

Watu wakapiga makofi. Na mimi nitasema ukweli ingawa haunipendezi: nilipiga nao. Nilimwona mzee ametoka kwenye waya zake kuja kutufundisha jinsi ya kulia wafu wetu, na hasira ikanipanda. Nilisema hata kwa sauti kwamba mashine haina mama.

Ndipo Mama Germaine akainuka nyuma. Hatukujua amekuja. Alikuwa amefunga kitenge cha kanisa, amekonda, akaja mbele akitembea polepole kama mtu anayebeba maji kichwani, na tukamsubiri ashike pumzi.

"Miye sijue mambo ya rezo," akasema. "Nitabambia kitu moja tu. Siku ile nilikuwa chini, kwa mulango. Kisanduku kilikuwa pembeni ya masikio. Nilikuwa nasikia kinalia, kinalia, taa iko nawaka, nikasema, aa, banakuya. Nikavuta ile simu, nikasoma. Pole. Pole. Pole. Pole." Akapumzika. "Zote zilikuwa za marehemu. Na miye nilikuwa ningali muzima."

Hakuna aliyepiga makofi. Guelor akatoa kisanduku chake kwenye pikipiki, akakiweka mezani mbele ya mzee. "Fundisha yangu ya kwanza," akasema. Mimi nilijisikia mdogo kama punje ya mtama.

Tukakubaliana pole za kilio ziende kwa mguu, kama zamani, na kama mtu hawezi kwenda basi anunue vocha.

Jaribio la kwanza lilituchekesha na kututia aibu. Mama Germaine alikuwa mzima, alifinya kitufe saa nane mchana kama tulivyopanga. Neno lilipita safi, visanduku saba tu vilisema, mzee akaruka karakanani kama kijana. Lakini sisi hatukuwa tumefikiria jambo moja. Motari wote thelathini na saba walikuwa wamejua, na wote thelathini na saba wakaenda! Njia ya Kasungami pale kwao ni nyembamba, upande huu mfereji, upande huu mabua makavu ya mahindi. Pikipiki zikabanana, mbuzi wa Chileshe akakanyagwa mguu, Fils akaingia mferejini, na Mama Germaine amesimama mlangoni mikono kiunoni akiuliza: "Sasa miye nitapita wapi?"

Papa Anaclet hakucheka. Alisema kelele imetoka hewani ikahamia barabarani. Basi tukaongeza sheria, na hii ilikuwa ya watu, si ya visanduku: aliye karibu kuliko wote anaandika NAENDA na jina lake. Wengine wanasimama popote walipo, wanaweka pikipiki kando, wanaacha njia. Na hakuna anayeuliza chochote. Hakuna "amefika?", hakuna "mama yuko namna gani?". Kila swali linakaa njiani mbele ya jibu.

Ni rahisi kusema hivyo kwenye mkutano.

Alhamisi moja ya mwezi wa tisa, vumbi la mwisho kabla ya mvua, nilikuwa karakanani kwa mzee. Simu yangu ilikuwa imekataa kuchaji, na yeye alikuwa ameifungua, ananiambia imejaa unga wa bukari, ugali wetu, nami nabisha. Taa ya kisanduku chake ikawaka. Tulisoma wote wawili kwa wakati mmoja.

GERMAINE.

Hatukuwa tumepanga jaribio lolote siku ile.

Mzee akashika ukingo wa meza. Sijui ni muda gani ulipita, labda muda wa kumeza mate mara mbili. Taa ikawaka tena: NAENDA. GUELOR.

Halafu basi. Kimya.

Alivaa koti, akalivua. Nikamwambia, "Unaenda wapi, Papa? Guelor atamupeleka kwa ba sista ao kwa dispensaire ya huku? Haujue. Utafika mahali yeye haiko." Mimi ndiye niliyesema, na moyo wangu unagonga kama mtu aliyefungiwa nje. Alikaa. Nikachukua simu yake nikampigia Guelor. Yule mwanamke wa kampuni ya simu akaniambia kwa Kifaransa chake kizuri kwamba namba haipatikani. Nikapiga tena. Haipatikani. Nikamchukia yule mwanamke kama ananijua.

Dakika kumi. Kumi na tano. Kidole cha mzee kilikuwa kwenye simu iliyoungwa na kisanduku. Aliandika: GUELOR, MAMA IKO Akafuta. Akaandika tena. Niliona jasho kwenye masharubu yake. Angeweza kurusha. Kisanduku ni chake, mke ni wake, sheria ni yake. Nilitaka arushe! Nilikuwa karibu kumwambia rusha, Papa, liwalo na liwe, ni neno moja tu, litaharibu nini? Na nilijua motari wengine thelathini na sita huko walipo wana kidole pale pale, na kila mmoja anajiambia ni neno moja tu.

Alifuta. Akaisukuma simu hadi mwisho wa meza, upande wangu.

"Shika weye," akasema. "Miye sitaweza."

Nikaishika kwa mikono miwili.

Wakati ule hatukujua, Guelor alinieleza baadaye. Alimkuta mama amekaa chini, ameegemea cherehani, midomo ina rangi ya majivu. Chileshe akampakia nyuma ya Guelor, akamfunga kwa kitenge kiunoni mwake ili asidondoke, na Guelor akaondoka. Anasema alipotoka kwenye njia ya mahindi alimwona motari wa kwanza, pikipiki imezimwa, amesimama kwenye majani na kofia mkononi. Mbele kidogo wawili. Kwenye njia panda walikuwa wanne, wamezuia magari ya mchanga kwa miili yao. Hakuna aliyepunga mkono, hakuna aliyemwita. Walimtazama tu akipita, hadi kwa masista. Guelor ni mtu wa kelele, lakini alipofika hapo katika masimulizi yake aliinuka, akaenda kununua maji.

Sisi karakanani tulikuwa na saa ya ukutani inayochelewa, na ukuta. Nusu saa. Mzee alianza rozari, akapotea katikati, akaanza upya. Dakika thelathini na tano. Aliniambia kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba wakati wanaoana Germaine alikuwa na nguo ya kijani, kwa sababu nyeupe ilikuwa ya kukodi na yeye hakutaka nguo ya kurudisha. Nikamwambia kijani ni rangi nzuri. Nilikuwa naogopa, nasema wazi, niliogopa taa isiwake na niliogopa iwake.

Ikawaka.

Simu ilikuwa kwangu. Mzee hakuigusa. Alikuwa ametazama mlango, miwani mkononi, na bila miwani hasomi kitu.

"Soma," akasema.

Nikasoma: "Mama iko napumua. Banamupa oksijeni. Anauliza bwana yake. Guelor."

Hakusogea.

"Tena."

"Mama iko napumua. Banamupa oksijeni. Anauliza bwana yake. Guelor."

"Tena, Mama Constance."

Nikasoma tena. Nje nilisikia pikipiki inasimama na sauti ya Fils inamwita Papa, twende, twende kwa ba sista. Mzee akainama kutafuta viatu chini ya meza, anashika cha kushoto anakivaa mguu wa kulia, anavua. Nami niliendelea kusoma, kutoka mwanzo hadi jina la Guelor, na kutoka mwanzo tena, maana hakuwa ameniambia niache.